Barua ya wazi: Mlanguzi wa watoto anaandikiwa theluthi yake siku anayoingia jela, na mtoto haulizwi kitu

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Mwanasheria Mkuu, wabunge na maseneta, Kamishna Jenerali wa Magereza, na wanakamati wa Kamati ya Ushauri kuhusu Msamaha wa Rais.

Waheshimiwa, nianze na swali lenyewe ndio msije mkaniacha njiani. Mtu akifungwa leo hapa Kenya kwa kulangua mtoto, ama kulangua mtu anayeishi na ulemavu, ni nani anaamua siku ya kumfungulia, na kabla hajafunguliwa ni nani anamtafuta yule aliyelanguliwa amuulize chochote? Mimi hili swali nimelizungusha kwa mawakili, kwa askari jela, kwa maafisa wa watoto, na jibu linarudi lile lile, ati hakuna anayeamua, inahesabiwa tu.

Inahesabiwa hivi. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, kifungu cha 46, inasema mfungwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja anaweza kupunguziwa theluthi moja kwa kufanya kazi na kuwa na tabia nzuri. Hiyo ndio watu wa jela wanaita rimisheni. Kufikia hapo sina ugomvi na mtu, mfungwa akijitahidi apewe moyo, sawa. Lakini shukeni mistari kadhaa chini. Kifungu hicho hicho kinasema mfungwa akipokelewa anaandikiwa theluthi yake yote hapo hapo, siku ya kwanza, na kutoka hapo kazi inayobaki ni asiipoteze kwa kuvunja kanuni za jela. Kwa hivyo hiyo theluthi haichumi pole pole jinsi wengi tunavyodhani, anaanza akiwa nayo. Miaka 30 imeshakuwa 20 kabla ata hajaonyeshwa pa kulala.

Sasa ichukueni hiyo hesabu muiweke kwenye Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu, ile ya 2010 iliyoanza kutumika Oktoba 2012. Adhabu yake kwenye karatasi ni nzito, hiyo nawapa heko: kifungo kisichopungua miaka 30, ama faini isiyopungua shilingi milioni 30, ama vyote viwili, na akirudia ni maisha. (Hiyo "ama faini" nitairudia huko mbele manake inanikera.) Miaka 30 ukitoa theluthi ni 20. Alafu kifungu cha 333 cha Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Jinai kinataka muda wa rumande uhesabiwe, na mnajua venye kesi huvutwa, mtu anaweza kusomewa hukumu tayari ana miaka minne ndani. Sisemi ni makosa, rumande ni jela pia na mtu asifungwe mara mbili kwa siku moja. Nawaonyesha tu picha nzima. Mtoto aliyechukuliwa akiwa na miaka minane atakuwa hajamaliza miaka 30 ya maisha yake wakati mlanguzi wake anashuka kwenye matatu ya kurudi nyumbani, na hakuna sehemu kwenye ile hesabu ambapo mtu anachukua simu kumwambia huyo aliyelanguliwa kwamba fulani ametoka.

Najua kuna mtu atasoma hapa aseme miaka 20 si mchezo. Si mchezo, nakubali. Ingekuwa shida yangu ni idadi ya miaka singeandika barua, ningepiga tu kelele mtandaoni kama wengine, ati waoze ndani, watupiwe ufunguo baharini. Shida yangu ni kwamba mlango unafunguka wenyewe. Hakuna kikao, hakuna anayesoma faili tena, hakuna anayeuliza mtoto yuko wapi siku hizi na anaishi karibu na nani. Sisi hatuna bodi ya parole, yaani jopo linalokaa kuamua kama mfungwa atoke mapema kwa masharti ama abaki, kama majirani zetu wa Tanzania, ambao sheria yao ya bodi za parole ni ya 1994. Sisi tuna kalenda.

Na tafadhali msiniambie sheria haiwezi kutenganisha kosa na kosa, manake tayari inatenganisha. Kifungu hicho cha 46 kinasema rimisheni haipewi aliyefungwa maisha, haipewi anayezuiliwa kwa hiari ya Rais, na haipewi aliyefungwa chini ya kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu. Hiyo 296(1) ni ule wizi wa mabavu wa kawaida, si ule wa silaha na genge, ni ule ambao adhabu yake ya juu kabisa ni miaka 14. Kwa hivyo kijana aliyemsukuma mtu ukutani akamnyang'anya simu, kwa jinsi sheria ilivyoandikwa, hapunguziwi ata wiki. Na mtu aliyemtoa kwao mtoto asiyeweza kutembea, akamvusha mpaka, akamweka barabarani akae na kikombe kuanzia asubuhi mpaka giza, huyo anaandikiwa miaka 10 ya kupunguziwa siku ya kwanza. Simu imelindwa kuliko mtoto.

Sidhani kuna mtu alikaa chini akapanga iwe hivyo. Sheria ya Magereza ni ya mwanzoni mwa miaka ya 60, na naona walioweka hiyo marufuku waliogopa wanyang'anyi, ulanguzi haukuwa na sheria yake yenyewe kwenye vitabu vyetu mpaka 2010. Sheria mpya ikaja ikakaa hapa, ile ya zamani ikabaki pale, na tangu hiyo siku hakuna aliyezikutanisha. Ni hilo tu. Lakini sasa imeshapita zaidi ya miaka kumi tangu ianze kutumika na hicho kisingizio kimechakaa.

Sasa nifike kwenye kile ambacho hasa kimenifanya niandike, nacho ni hii tabia nzuri mnayoipima.

Mnyang'anyi unaweza kumpima kwa tabia. Mtu wa hasira, mtu wa ngumi, ukimweka na wengine mia kwenye bloku moja utajua haraka kama amebadilika ama bado. Mlanguzi wa watoto je? Kazi yake yote ni tabia nzuri. Huyu hakuingia kijijini na panga. Aliingia amevaa vizuri, anaongea pole pole, anasalimia wazee mmoja mmoja, anakaa kusikiliza shida za nyumba ile mpaka mwisho bila kuangalia saa. Ameleta unga na sukari. Ameuliza huyu mtoto mguu wake ulianza lini kuwa hivi, mmempeleka hospitali gani, wamesema nini, alafu akanyamaza kidogo, akasema kuna watu nawajua mjini wanasaidia watoto kama hawa. Mzazi hakutishwa, alipewa matumaini na mtu mpole, na pengine ni mtu wanayemfahamu, shangazi, jirani, mtu wa dini. Sasa mtu wa namna hiyo mkimpeleka jela mnategemea atafanya fujo? Ataongoza kwaya. Atafundisha wenzake kusoma. Atamwita askari afande kwa sauti ya chini na kukumbuka jina la mtoto wake. Faili lake litakuwa safi kuliko la wote, na miaka 20 baadaye mtasema amerekebika, wakati hakuna kitu ata kimoja alichobadilisha, amefanya tu ndani kile alichokuwa anafanya nje.

Niliwahi kuketi kwenye kordo ya korti moja tukingoja faili iitwe. Kulikuwa na msichana wa kama miaka 11, anatembelea magongo, amekaa benchi upande wetu na afisa wa watoto. Magongo alikuwa ameyalaza mapajani, yote mawili, ameyashika kama anaogopa yatachukuliwa. Mshtakiwa alikuwa nje kwa dhamana, akapita pale mbele yetu. Mtoto akamwambia shikamoo. Hivyo tu, kwa mazoea, juu huko kwao alifundishwa kuamkia kila mkubwa. Na yule mtu akasimama, akatabasamu, akaitikia marahaba mwanangu, akamuuliza kama amekula. Mtoto akatikisa kichwa kusema bado. Afisa wa watoto akainuka akasimama katikati yao, mkoba mkononi, hasemi kitu. Mtu yeyote aliyekuwa amekaa mbali kidogo angeapa kwamba ameona mjomba mwema na afisa mkorofi. Mimi nilichoona ni kosa lenyewe, lile lile lililomfikisha pale, likifanyika tena mita chache kutoka kwa hakimu, na ata kama angekuwa tayari ni mfungwa hakuna kanuni ya jela aliyoivunja. Kwenye faili lake angeandikiwa ni mtu wa heshima.

Hiyo ndio sababu nasema kipimo chenu kinampa alama mtu huyu kwa silaha yake mwenyewe.

Na msidhani naongea habari za mbali. Mwaka 2022 BBC Africa Eye walionyesha watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania kwa ahadi za maisha mazuri wakaletwa Nairobi kuombeshwa, na hela zote zinachukuliwa jioni na waliowaleta. Wengi mlishtuka, polisi wakafanya msako, watoto wakarudishwa kwao, magazeti yakaandika wiki mbili alafu kimya. Lakini simameni siku moja pale kwenye taa za barabarani mkiwa mmefunga vioo, msiangalie kiti cha magurudumu, angalieni ng'ambo ya barabara. Kuna mtu amekaa kivulini na soda, haombi, hauzi, anaangalia tu kikombe. Kikijaa anavuka, anapunguza, anaacha sarafu chache chini ndio wapita njia waone wenzao wametoa. Mtoto hamwangalii. Huyo ndiye ninayemzungumzia. Akikamatwa, na mara nyingi anayekamatwa ni mtoto si yeye, na akishtakiwa kwa kosa lenyewe badala ya kupachikwa makosa madogo ya uhamiaji, na shahidi akipatikana, na kesi isife, na akifungwa, yaani baada ya milima yote hiyo, ndio anakutana na kifungu cha 46 kikimngoja mlangoni.

Tena fikirieni huyo shahidi ni nani. Ni mtoto ambaye pengine hajui kuandika, ama hasikii, ama ana akili taratibu, ambaye amesafirishwa kutoka kwao kuja kusimama mbele ya watu wazima waliovaa nguo nyeusi aeleze. Sheria yetu ya kuwalinda waathiriwa, ya 2014, inamtambua kabisa mtu wa namna hii, mwathiriwa aliye hatarini zaidi kwa sababu ya umri ama ulemavu, na inataka apewe msaada maalum. Vizuri sana. Sasa huo umaalum unaishia wapi? Unaishia siku ya hukumu. Akishatoka pale kortini anakuwa si maalum tena, anakuwa ni jina kwenye faili lililofungwa, na mtu pekee ambaye Serikali inaendelea kumfuatilia kila siku, imlishe, imtibu, ihesabu siku zake, ni aliyemuuza.

Nyinyi wa Kamati ya Msamaha, kwenu nina jambo fupi. Katiba, ibara ya 133, inasema mnaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa mnapomshauri Rais. Mnaweza. Haisemi lazima. Kwa mtu mzima aliyeibiwa gari na ana wakili wake hiyo "mnaweza" inatosha, atajitokeza mwenyewe na kelele zake. Kwa mtoto aliyerudishwa kijijini nje ya nchi na hana simu, "mnaweza" maana yake ni kwamba hatapigiwa na mtu. Nawaomba, bila kungoja Bunge, mjiwekee utaratibu kwamba jina la mlanguzi wa mtoto ama wa mtu mwenye ulemavu haliendi kwa Rais kabla mwathiriwa hajatafutwa kweli kweli, na mkimkosa muandike mlimtafuta wapi na lini.

Sasa niwajibu wanaonipinga, manake nimeshabishana nao sana na si wajinga.

Askari jela mmoja aliniambia ukiwaondolea watu rimisheni umewaondolea sababu ya kutii, na wewe unayeandika barua haulali nao huko. Ana haki. Ndio maana siombi ifutwe moja kwa moja. Kuna na hoja nyingine ambayo mimi naiona nzito zaidi: wanaofungwa kwa ulanguzi mara nyingi si wale wakubwa. Mwenye mtandao yuko kwake ametulia, anayeshikwa ni dereva, ni mwenye kukodisha chumba, ni mwanamke ambaye yeye mwenyewe alilanguliwa akiwa msichana na baadaye akapewa kazi ya kuleta wengine ndio apumzishwe. Huyo mwanamke ni mkosaji, watoto aliowaleta waliumia kweli, lakini ukimwekea marufuku ya jumla, miaka 30 kavu, sawa na bosi wake, sijui kama hiyo ni haki ama ni hasira tu. Na wapo wazazi pia. Mzazi aliyemtoa mtoto kwa kudanganywa hapaswi kuwa kizimbani hata kidogo, na yule aliyekuwa anatumiwa hela kila mwezi akijua zinatoka wapi, huyo ni mwingine. Kalenda haiwezi kuwatofautisha hawa watu. Watu waliokaa mezani na faili mbele yao wanaweza.

Wengine wananiambia huu si uhalifu wa vurugu, hakuna aliyechinjwa, kwa hivyo usiuweke kundi moja na mauaji na ubakaji. Huo mjadala wenzetu wa California wameupitia mpaka wakachoka. Mwaka 2016 wapiga kura wao walipitisha pendekezo nambari 57 lililofungulia mlango wa parole ya mapema kwa makosa yasiyohesabiwa kuwa ya vurugu, na ulanguzi wa binadamu haukuwa kwenye orodha yao ya vurugu. Ikawa kelele miaka na miaka. Mwaka 2023 mswada wa kuufanya ulanguzi wa watoto kwa ngono uhesabiwe kosa zito ukakwama kwanza kwenye kamati ya bunge lao mwezi wa saba, watu wakawaka, kamati ikageuka ndani ya siku mbili, na gavana akautia sahihi Septemba. Sitaki tuige kila kitu chao, jela zao zina shida zao. Texas nao wakaamua mtu akifungwa kwa kulangua watoto mara kwa mara hana parole kabisa, imefungwa. Na kwenye magereza ya serikali kuu ya Marekani, ile sheria ya 2018 iliyowapa wafungwa nafasi ya kuchuma siku za kutoka mapema kwa kuhudhuria mafunzo iliwaacha nje watu wa ulanguzi. Ninachotaka muone ni kwamba huko, wakiupenda ama wasiupende ulegezaji wa vifungo, walikaa wakaliangalia kosa hili peke yake wakatoa uamuzi. Sisi hatujawahi kukaa.

Na hapo kwa vurugu, jamani, mtoto ambaye hawezi kukimbia hahitaji kupigwa. Hizo ndizo hesabu za mlanguzi anapomchagua. Asiyeona hatamtambua kwenye gwaride la utambulisho. Asiyeongea hatapiga kelele. Aliye mbali na lugha ya nyumbani hatamuuliza polisi njia. Udhaifu wa yule mtu ndio kamba aliyofungiwa, kwa hivyo ukitafuta alama za kamba mwilini utakosa na utasema hakukuwa na nguvu iliyotumika. Sheria ya 2010 yenyewe inalijua hili, ndio maana kwa mtoto haiulizi kama alitishwa ama alikubali, kumchukua tu kwa lengo la kumnyonya kunatosha. Basi mantiki hiyo hiyo iende nayo mpaka jela.

Ninachoomba kiandikwe ni hiki. Kifungu cha 46 kiguswe, na kwa yeyote aliyefungwa kwa kulangua mtoto ama mtu anayeishi na ulemavu, theluthi isiandikwe siku ya kwanza. Abaki na nafasi ya kuiomba, isiwe amepewa. Akifikisha theluthi mbili ya kifungo aende mbele ya jopo, muite bodi ya parole ama muite jina lingine lolote, lenye mtu anayewajua waathiriwa wa ulanguzi na si maafisa wa magereza peke yao. Jopo lisiulize kama alikuwa mpole, upole tumeshausema. Liulize kama ametaja alishirikiana na nani. Liulize kama amelipa chochote kwa aliyemuumiza, manake sheria ya 2010 inairuhusu korti kumwamuru afidie matibabu na gharama nyingine za mwathiriwa, na mimi sijaona mtu akiuliza baadaye kama hizo hela zilifika. Liulize anataka kwenda kuishi wapi. Hilo la mwisho naliwekea mkazo, juu mtu akitoka jela anarudi kwao, na kwao kwa mlanguzi ni pale pale alipokuwa anachukulia watoto, na huko hawajui alifungwa kwa nini, wanajua tu alipotea mjini miaka mingi na amerudi na hekima. Watoto wa wale aliowachukua zamani ndio wanaokua sasa.

Kwa hivyo akitoka atoke na masharti yanayoweza kufuatiliwa: asiishi nyumba moja na watoto wasio wake, asifungue ofisi ya kupeleka watu kazi wala nyumba ya kulea watoto wala huduma ya kuchangisha kwa jina la wagonjwa, aripoti mahali panapojulikana, na chifu na afisa wa watoto wa eneo wajue. Akivunja arudi amalize ile theluthi. Siku hizi akitoka, kwa kawaida hana wa kumuuliza, na muda ule ambao angekuwa chini ya uangalizi umeshayeyuka kwenye hesabu.

Na mwathiriwa aambiwe. Kabla, si baada. Aambiwe kwa lugha anayoielewa, na kama ni kiziwi apatiwe mkalimani wa lugha ya ishara, na kama ana shida ya akili aambiwe na mtu anayemwamini, na kama yuko Tanzania ama Uganda ama Burundi basi kuna balozi zetu huko zinakula mishahara. Asilazimishwe kuja kuongea. Wapo ambao hawataki kusikia hilo jina tena maisha yao, na hiyo ni haki yao, jopo lisichukue kimya chao kama msamaha. Kuna mtu atauliza gharama. Ile sheria ya 2010 ilianzisha hazina ya kuwasaidia waathiriwa wa ulanguzi, iwekeni pesa ya kutosha alafu tuongee kuhusu gharama.

Nilisema nitairudia ile "ama faini". Yote niliyoandika hapa juu yanamhusu mtu aliyeenda jela. Lakini kifungu cha 3 kinampa hakimu uwezo wa kutoza faini badala ya kifungo, na milioni 30 kwa mtu wa kawaida ni ndoto, hatazipata akiuza ata ukoo mzima, kwa hivyo huyo dereva na huyo mwanamke niliowataja wataenda ndani. Anayeweza kuzilipa ni nani? Ni yule wa kivulini mwenye soda, ama yule aliye juu yake, manake hizo hela zimetoka kwenye vikombe. Analipa faini kwa sarafu za watoto na anaenda kwake. Hapo hakuna cha rimisheni wala parole, kesi imeisha saa sita mchana. Mkiwa mnagusa kifungu cha 46, guseni na hiki kwa mswada huo huo, kwa mlanguzi wa mtoto na wa mtu mwenye ulemavu faini iwe juu ya kifungo, isiwe mahali pa kifungo.

Wabunge, msiogope ati mahakama zitaitupa kazi yenu. Mahakama ya Juu ilishasema Julai 2024, kwenye kesi ya makosa ya kingono, kwamba viwango vya chini vya adhabu vilivyowekwa na Bunge vinasimama na kuvibadilisha ni kazi ya Bunge. Mpira uko kwenu. Na hiki ninachoomba si ata kuongeza adhabu, ni kuweka watu wa kuuliza maswali kabla mlango haujafunguliwa.

Kamishna Jenerali, wewe una kitu ambacho ungeweza kutupatia bila mswada wowote: idadi ya waliofungwa chini ya Sheria ya Ulanguzi wa Binadamu tangu ianze kutumika, wangapi waathiriwa wao walikuwa watoto ama watu wenye ulemavu, wangapi wameshatoka kwa rimisheni, na wangapi watatoka ndani ya miaka mitano ijayo. Majina sitaki. Tarehe za kutoka mnazo tayari, ziliandikwa siku walipoingia. Itoeni hiyo orodha kwa kamati za Bunge zinazohusika na kwa idara ya watoto, ndio wale watakaokaribia tarehe zao waathiriwa wao waanze kutafutwa mapema wakati mswada bado unajadiliwa.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa karani wa Bunge la Taifa na kwa karani wa Seneti. Naomba majibu yaje kwa maandishi, na yakija nitayabandika hapa yote jinsi yalivyo.